KUACHILIA SIYO KUTELEKEZA MTOTO, MASTAA MNATUCHOSHA!

Haya wadau, leo sitaji jina la mtu. Narusha jiwe gizani, atakayelia ndiye limempata.

Kuna huu mtindo wa mastaa wetu kuweka sanamu ya Buddha sebuleni, kukunja miguu, kufumba macho, picha inapigwa, chini wanaandika: "Nimeachilia yote, nina amani." Kijana wetu mmoja aliyetokea Bungu kule Korogwe naye kaingia humo. Mtoto wake bado yuko milimani Usambara kwa bibi. Bibi akipiga, simu haipokelewi. Watu wakimsema, eti wana roho chafu, anawafungia vioo.

Kaka, hiyo siyo amani. Huko ni kutelekeza mtoto.

Buddha alifundisha kwamba mateso yanatokana na tamaa na kung'ang'ania. Cha kuachilia ni tamaa, chuki na ule ujinga wa kujiona wewe ndiyo kila kitu. Hakusema popote uachilie sare ya mtoto. Elimu bila malipo ilianza 2016, sawa, lakini daftari, viatu na sweta la baridi ya Bungu nani ananunua? Bibi?

Halafu huo utulivu wa akili mnaouimba kila siku, kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Wabudha, unaitwa sati, na asili ya neno hilo ni kukumbuka. Kukumbuka! Sasa wewe uliyesahau hata mwanao yuko darasa la ngapi, ukifumba macho unatafakari nini?

Najua utetezi unakuja: "Mbona Buddha mwenyewe alimwacha mke na mtoto?" Kweli, simulizi zinasema alitoka usiku akamwacha Yasodhara na mwanawe Rahula. Lakini aliacha na jumba, na mali, na ufalme. Wewe umeacha mtoto, gari umebaki nalo. Tena yeye baadaye alirudi, Rahula akamfuata, akamfundisha mwenyewe. Na watu wa kawaida wenye familia aliwaambia wazi wajibu wa mzazi kwa mtoto, akahesabu na kutodaiwa kuwa moja ya furaha nne za mwenye nyumba. Wewe unadaiwa, tena na bibi kizee.

Anayetaka kujifunza kwa dhati, hapo Dar es Salaam lipo hekalu la Wabudha, lilianzishwa na watu wa Sri Lanka miaka mingi iliyopita. Aende akaulize kuliko kuokota maneno mtandaoni.

Na hakuna anayechukia kutafakari, jamani. Mjini kuna presha, kukaa kimya dakika 10 ukafuatilia pumzi yako kunasaidia kweli. Ila ukishafumbua macho, shika simu, mpigie bibi. Halafu tuma hela, na ya kutolea uweke.

Povu ruksa.