Vidole vya mkulima visimfungie fedha zake

Tangu Mei 2019, laini za simu Tanzania husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Muda wa mwisho ulikuwa Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa.

Hakuna ubishi kwamba lengo ni jema. Wafanyabiashara wadogo wangapi wameibiwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii"?

Lakini jembe husugua vidole, na mashine hushindwa kuvisoma. Kwa mkulima, laini ndiyo pochi yenye fedha za mahindi. Njia nyingine ya kumtambua haina budi kupatikana hadi kijijini, si mjini tu.

Wapo pia mawakala wasio waaminifu. Humwambia mteja arudie kuweka kidole, kumbe wanasajili laini ya pili kwa jina lake. Uhalifu ukitendeka, anayetafutwa ni mwenye kidole.

Kila mwenye simu abonyeze *106# akague namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiyoitambua airipoti mara moja kwa kampuni husika, nayo kampuni iifunge bila kumzungusha.