Zawadi Haifuti Deni



Likizo kubwa inapokaribia, vikundi vyetu vya Xaveri, Kiro, Skauti na Kizito-Anuarite huanza kuandika barua za kuomba msaada. Zamani barua hizo zilikwenda kwa paroko, kwa wafanyabiashara wa soko la Kadutu na kwa wazazi wenye uwezo. Siku hizi nyingi huelekezwa kwa kampuni za simu. Tunaomba fulana za mashindano, mipira, vipaza sauti vya tamasha. Ikitokea bahati, kampuni hujibu: hutuletea fulana, bendera kubwa yenye rangi zake, na mpiga picha. Tunapanga mistari, tunatabasamu, na kesho yake picha yetu inasambazwa kuwa ushahidi kwamba kampuni inawapenda vijana.

Ukurasa huu una jambo moja la kusema: zawadi haifuti deni. Kampuni inayotupa kwa mkono mmoja yapaswa kuulizwa mkono wa pili umechukua nini. Na kijana anayepokea fulana kwa sharti la kutouliza swali hilo, hata kama sharti lenyewe halikutamkwa, amejiuza kwa bei ndogo sana.

Tuanze kwa kutenda haki, maana anayedai haki hawezi kuwanyima wengine. Kampuni hizi zimeleta mema ambayo hakuna anayeweza kuyakana. Vodacom ilipoanza kazi nchini mwetu mwaka 2002, simu ilikuwa kitu cha wachache. M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, mama wa Bagira aliweza kupokea pesa za mwanawe aliye Kolwezi bila kumkabidhi msafiri asiyemjua. Mwaka 2010, kijana mdogo wa Goma, Innoss'B, alijulikana nchi nzima kwa kushinda shindano la muziki la Vodacom Superstar. Mwaka 2021, Airtel Africa ilitia sahihi mkataba na UNICEF wa dola milioni 57 kwa miaka 5, ili kuunganisha shule na intaneti katika nchi 13, Kongo ikiwa mojawapo. Orange ina kituo mjini Kinshasa cha kuwafundisha vijana kazi za kompyuta. Hayo yote ni mema, na aliyefaidika nayo ana haki ya kushukuru.

Lakini tulitazame jina ambalo kampuni zenyewe huyapa matendo hayo. Huyaita uwajibikaji kwa jamii. Kwa Kiswahili, uwajibikaji umezaliwa na wajibu, na wajibu si hisani. Mtu anayetimiza wajibu wake hachezewi ngoma, huulizwa tu kama ameutimiza wote. Inakuwaje, basi, jambo linaloitwa wajibu liletwe kwetu na bendera, hotuba na mpiga picha, kama vile ni fadhila?

Zakayo wa Yeriko aliielewa tofauti hii kuliko sisi. Siku aliyoongoka aliahidi kugawa nusu ya mali yake kwa maskini. Hakuishia hapo. Aliahidi pia kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu. Hakusema kwamba sadaka kwa maskini imelipa deni la waliodhulumiwa. Alifungua madaftari mawili, moja la sadaka, jingine la madeni, wala hakuchanganya hesabu zake. Papa Benedikto wa 16 aliyafundisha hayo hayo katika waraka wake wa mwaka 2009, Caritas in Veritate: mapendo huenda mbali kuliko haki, lakini hayawezi kuiruka haki. Siwezi kumzawadia mtu kile kilicho changu kabla sijampa kile kilicho chake.

Tufungue basi daftari la pili, lile lisiloonekana kwenye picha.

Kuanzia Septemba 2020, wenye simu nchini Kongo walianza kukatwa uniti kwa ajili ya kodi iliyoitwa RAM, yaani daftari la kuandikisha vifaa vya simu. Ilikuwa dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Kodi hii haikulipwa dirishani kwa hiari, wala mlipaji hakupewa risiti. Ilikatwa kidogo kidogo ndani ya uniti ambazo mtu alikuwa amekwisha kuzinunua kwa jasho lake. Muuza makaa alinunua uniti ili amwite mteja. Kabla hajapiga, zimekwisha kupungua. Watu walilalamika, wabunge walihoji, vijana wa LUCHA, harakati iliyozaliwa Goma mwaka 2012, waliandamana. Mwanzoni mwa mwaka 2022 kodi hiyo ilifutwa. Kufuta kodi ni jambo moja, kurudisha kilichokatwa ni jambo jingine. Je, kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuuliza uniti hizo zilikwenda wapi, siku alipokuwa akipokea fulana?

Kuna atakayejibu kwamba RAM iliamriwa na Serikali, na kampuni ilikuwa chombo tu. Ni kweli kwamba amri ilitoka Serikalini. Lakini mkono uliokata ulikuwa wa kampuni, na mteja aliyekatwa alikuwa mteja wake. Mlinzi wa ghala anayemfungulia mlango mwenye nguvu, halafu akakaa kimya mbele ya mwenye mali, hawezi kusema kwamba yeye hausiki. Angalau angepaza sauti.

Tukumbuke pia siku ambayo walei wa Kongo hawawezi kuisahau. Tarehe 31 Desemba 2017, Kamati ya Uratibu ya Walei iliwaita waamini kutembea kwa amani baada ya Misa, kudai uchaguzi. Siku ya kuamkia maandamano hayo, Serikali iliamuru intaneti na ujumbe mfupi vikatwe, na kampuni zikatii. Tarehe 21 Januari 2018, walei walipotembea tena, mtandao ulikatwa tena. Wazazi hawakujua watoto wao wako wapi. Waliojeruhiwa hawakuweza kutuma habari. Hatusemi kwamba ilikuwa rahisi kuikataa amri ya Serikali inayoshika leseni yako. Tunasema tu kwamba uwajibikaji hupimwa siku ya shida, kama urafiki. Siku ya mashindano ya mpira kila mtu ni rafiki.

Deni jingine liko karibu zaidi, chini ya miavuli ya barabara zetu. Pita Nyawera, pita Essence, pita soko la Kadutu: mwavuli una rangi ya kampuni, koti lina jina la kampuni, lakini kijana aliyeketi pale si mfanyakazi wa kampuni. Anaishi kwa asilimia ndogo ya kila muamala. Akiibiwa, hasara ni yake. Akiugua, familia yake ndiyo inayomtunza. Mvua ikinyesha siku tatu, siku tatu hizo hana kitu. Huyu ndiye kijana wa kwanza ambaye kampuni ingeanza naye kama kweli inataka maendeleo ya vijana, kwa sababu tayari anaifanyia kazi. Badala yake anapita karibu na bango linalotangaza mradi wa kuwainua vijana, naye halimhusu.

Na mnajua yaliyotupata tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23 na mabenki yakafunga milango. Simu ikawa benki. Mshahara ukaja kwa simu, msaada wa ndugu ukaja kwa simu, karo ikalipwa kwa simu. Lakini noti zilipoadimika, aliyetaka kuitoa pesa yake mkononi alilazimika kumwachia wakala sehemu kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye orodha ya bei. Kampuni haikufunga mabenki, wala haichapi noti, hilo tulikubali. Ila wakati mjane anapoacha sehemu ya pesa yake kwenye kila mwavuli, kampuni inayotunza pesa hizo ina wajibu wa kusimamia mawakala wake, kutangaza bei halali waziwazi, na kuweka mahali ambapo mtu anaweza kulalamika akasikilizwa. Wajibu huo una thamani kuliko fulana elfu.

Kuna pia ndugu zetu wa vijiji vya ndani, kule Shabunda na Mwenga, ambako mtu hupanda kilima kutafuta mtandao ili atangaze msiba. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 imeweka mfuko maalum wa kupeleka huduma mahali ambapo faida ni ndogo. Wabunge walijua kwamba biashara ikiachwa peke yake huishia penye wateja wengi. Vijana wa huko hawahitaji tamasha. Wanahitaji mnara.

Ndugu zangu, wengine watasema kwamba asante ya punda ni mateke: mnapewa, halafu mnatukana. Tujibu kwa upole. Aliyekupa kitu kwa moyo mweupe hakasiriki ukimuuliza swali la haki. Anayekasirika ameonyesha kwamba alikuwa ananunua kitu, na kitu hicho ni ukimya wako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwahi kuiona fulana ya matangazo, lakini wangeifahamu mara moja.

Wengine watasema: tukiwauliza maswali, hawatarudi, na nani mwingine atatununulia mipira? Hofu hiyo ina msingi, maana umaskini wetu si wa kubuni. Lakini tujiulize umaskini huo unapunguzwa na nini. Sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwezi Machi 2018, haikuwaachia wenye migodi wachague wenyewe watatoa nini na lini. Iliwaamuru waandikiane na wananchi wa mahali daftari la ahadi, na watenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya jamii. Sheria hiyo haitekelezwi vizuri kila mahali, nasi wa Kivu Kusini tunajua. Hata hivyo imempa mwanakijiji kitu ambacho barua ya kuomba haiwezi kumpa: haki ya kudai kilichoandikwa. Kwa nini anayechimba mlima aandikiane na wananchi, na anayevuna uniti za jimbo zima atoe kadiri ya moyo wake, aitwe mfadhili?

Hatuwaambii mzikatae zawadi. Mpira ni mpira, na watoto wa Panzi wacheze. Tunawaambia mpokee mkiwa mmesimama wima. Kampuni ikija parokiani, kiongozi wa kikundi ashukuru, kisha aulize mbele ya wote, kwa heshima, maswali haya manne. La kwanza: mwaka huu mmepata kiasi gani katika Kivu Kusini, na mmetumia kiasi gani kwa vijana wake? La pili: kijana anayeketi chini ya mwavuli wenu ana mkataba gani, na akiugua nani anamtunza? La tatu: mtu akikatwa uniti au pesa bila sababu, aende ofisi gani hapa Bukavu, na atajibiwa baada ya siku ngapi? La nne: ni vijiji gani vya jimbo vitakavyopata mtandao, na nani amevichagua?

Majibu yaandikwe katika kitabu cha kikundi, pamoja na tarehe na jina la aliyejibu. Mwaka unaofuata kitabu kifunguliwe tena. Ahadi zisizotimizwa zipelekwe kwa Tume ya Haki na Amani, ili kilio cha parokia moja kiwe sauti ya parokia zote. Na bendera ya kampuni isitundikwe juu ya ile ya kikundi, wala picha ya watoto isitolewe bila ruhusa ya wazazi wao.

Hili linahitaji ujasiri, na ujasiri huo tayari una jina katika nchi yetu. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekagua bidhaa mpakani, alikataa pesa alizopewa ili chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Aliuawa Julai 2007, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma. Hatulinganishi fulana ya mashindano na rushwa aliyoikataa yeye; ni mambo mawili tofauti. Tunajifunza kwake tabia moja tu: kabla ya kunyosha mkono kupokea, aliwafikiria watu ambao wangekula mchele ule.

Basi, vijana, kabla ya kupanga mstari wa picha, mfikirieni aliyekatwa uniti, aliyeketi chini ya mwavuli, aliye juu ya kilima akitafuta mtandao. Kisha mpokee, mshukuru, na muulize.