Kura Zilizokuwa Rwanda

Wako wanasheria wenzetu washikiliao kwamba kesi ya kupinga uchaguzi haina mashiko mpaka mwizi atajwe. Sisi hatukubaliani nao, na shahidi wetu ni Mundingburra.

Hili ni eneo la uwakilishi mjini Townsville, katika jimbo la Queensland, Australia. Katika uchaguzi wa bunge la jimbo wa tarehe 15 Julai 1995, Ken Davies wa chama cha Labor alitangazwa mshindi kwa kura 16 tu. Labor ilikuwa na viti 45 kati ya 89. Kukipoteza kimoja kulikuwa ni kupoteza wingi uliomweka Wayne Goss madarakani.

Mpinzani wake, Frank Tanti wa chama cha Liberal, akaenda mahakamani. Hoja iliyompa ushindi huko haikuwa wizi wa masanduku wala hongo. Wanajeshi wa Australia, waliotumwa Rwanda chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa baada ya mauaji ya 1994, walikosa kura kwa sababu karatasi zilichelewa. Idadi yao ilipita 16. Wangemchagua nani? Hakuna ajuaye, wala haikulazimu kujua. Yatosha kwamba mwenye haki ya kura alinyimwa, na kwamba kura hizo zingeweza kugeuza matokeo. Desemba 1995 uchaguzi ukabatilishwa, ijapokuwa kila mtu aliona kwamba serikali nzima ilining'inia kwenye kiti kile kimoja.

Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 3 Februari 1996. Labor ilimwacha Davies, ikamsimamisha Tony Mooney, meya wa Townsville; Tanti akashinda. Pande mbili zikawa 44 kwa 44, na uamuzi ukamwangukia mbunge huru, Liz Cunningham wa Gladstone. Alipouunga mkono upinzani, Goss alijiuzulu. Hakuita polisi, ndugu wasomaji.

Wala tusiwafanye washindi watakatifu. Kabla ya kura kupigwa, kiongozi wa upinzani, Rob Borbidge, alikuwa ametia saini kwa siri mapatano na chama cha wafanyakazi wa polisi. Mapatano hayo yalifichuliwa akiwa tayari Waziri Mkuu wa jimbo. Uchunguzi ulifanywa, hakuna aliyeshtakiwa. Mahakama iliweza kuwapigania askari walio mbali; mapatano ya gizani hayakuwa mbele yake. Tanti alikikalia kiti hicho hadi 1998, wapiga kura walipokirudisha kwa Labor.