Kura Mbili za Maoni
Na Salim Mbaraka

Lugha yetu, kwa ukarimu wake, imeyapa mambo mawili jina moja: kura ya maoni ni ule mchujo ambamo wanachama humteua mgombea wao, na kura ya maoni ni ule utafiti ambamo raia hupigiwa simu jioni, akaulizwa moyo wake umeelekea kwa nani, na sidhani kama wawili hao wamepata kugombana hadharani kama walivyogombana katika jimbo dogo la New Hampshire, Marekani, Januari 2008.

Tarehe 3 ya mwezi ule Barack Obama, ambaye sisi wa huku tulikuwa tumekwisha kumfanya jamaa kwa nasaba ya babake, alishinda Iowa. Na katika siku tano zilizosalia, watafiti takriban wote walimweka mbele ya Hillary Clinton. Usiku wa tarehe 8 kura zilipohesabiwa, bibi yule alikuwa ameshinda, asilimia 39 kwa 36.

Wengi waliikimbilia hoja kongwe ya Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles aliyeukosa ugavana wa California mwaka 1982 ilhali utafiti ulimbashiria ushindi: kwamba Mzungu humjibu mwulizaji kwa adabu, kisha kibandani akatenda lililomo moyoni. Hoja hiyo hainikai. Si kwamba unafiki ni haba duniani; ila jopo la wanataaluma wa utafiti wa maoni, lililotoa ripoti yake mwaka 2009, halikupata ushahidi wa kuithibitisha, na watafiti walewale, usiku uleule, walikuwa wamembashiri John McCain sawasawa upande wa pili, katika mchujo wa Republican. Dhambi yao, kwa rai yangu, ilikuwa haraka. Jimbo lile humruhusu mpiga kura asiyejiandikisha na chama kuchagua siku ileile aingie mchujo upi, na Clinton alilengwalengwa na machozi mkahawani Portsmouth tarehe 7, wakati simu nyingi zilikuwa zimekwisha kupigwa.

Tena jopo lilitaja jambo ambalo hadi leo hunichekesha. Majina karatasini yalifuata alfabeti kuanzia herufi iliyotolewa kwa bahati nasibu, Clinton akaangukia karibu na kichwa, ambako jina huweza kuokota kura za ziada, Obama karibu na mkia, jimbo zima. Na simuni, ambako mwulizaji huyachanganya majina makusudi, hakuna kichwa wala mkia.