Friji inayonguruma bila kugandisha: Usikimbilie kulaumu gesi

Huenda nawe, msomaji, yamekufika. Unarudi kutoka kazini jioni, unafungua friji utoe maziwa ya chai, na maziwa yameharibika. Taa ya ndani inawaka. Mlango unafungika vizuri. Lakini ndani mna joto, na barafu ya juu imekuwa maji. Jambo la kwanza linalokujia akilini ni kwamba gesi imeisha, na la pili ni kumwita fundi.

Jirani yangu mmoja hapa Nairobi alifanya hivyo mara mbili katika muda wa miezi mitatu. Fundi wa kwanza alitia gesi akalipwa. Baada ya wiki chache hali ikawa ile ile. Wa pili naye akatia gesi, akaongeza kuwa kompresa imechoka na kwamba heri anunue nyingine. Wakati huo wote, katika friji hiyo mlikuwa na chupa za insulini za baba mkwe wake, mzee anayeugua kisukari aliyeletwa mjini kutoka mashambani ili awe karibu na kliniki. Sukari ya mzee ilikuwa ikipanda licha ya kudungwa sindano kila siku. Ni daktari aliyeuliza swali ambalo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amelifikiria: "Mama, dawa hii mnaiweka wapi?"

Fundi wa tatu alikuwa mzee wa makamo. Alikataa kuja mchana. Alisema atakuja saa moja jioni, wakati watu wote wanapika. Alipofika hakuifungua friji hata kidogo. Alitoa mita yake akapima soketi ya ukutani: volti 206. Kisha akapima mwisho wa ekstensheni iliyokuwa ikilisha friji, huku kompresa ikijaribu kuanza kazi: volti 174. Akacheka. "Mama, friji yako si mgonjwa. Ina njaa."

Njaa ya stima

Stima tunayotumia majumbani nchini Kenya imekusudiwa kuwa ya volti 240, na friji nyingi zinazouzwa hapa zimeundwa kwa volti kati ya 220 na 240. Kompresa ni mota inayosukuma gesi ndani ya mabomba. Wakati wa kuanza, mota hiyo huhitaji stima mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika mwendo, sawa na mkokoteni ambao ni mzito kuuondoa lakini ukishaanza kubingirika huwa mwepesi.

Volti zinapopungua, nguvu ya mota kuanza haipungui kwa kiasi hicho hicho tu, bali hupungua zaidi. Stima ikishuka hadi volti 192, yaani asilimia 80 ya 240, nguvu ya kuanzia hubaki asilimia 64 hivi. Ikishuka hadi 174 hubaki nusu tu. Kompresa hunguruma bila kuzunguka, hupata joto, na kifaa kidogo cha kuikinga hukata stima. Ikipoa, kifaa hicho huirudisha, na mambo huanza upya. Mota inayoteseka hivyo usiku baada ya usiku hatimaye huungua kweli, na hapo maneno ya fundi wa pili hutimia.

Na gesi je? Fahamu kwamba gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikiwa imepungua, basi kuna mahali inapovuja, na fundi anayetia gesi bila kutafuta tundu amekuuzia nafuu ya siku chache. Kwa jirani yangu hakukuwa na tundu lolote. Ile nafuu aliyoipata ilitokana na mafundi kuivuta friji na kuichomeka plagi upya, ikashika vizuri kwa muda.

Uchunguzi usiohitaji mita

Kabla ya kumwita mtu yeyote, unaweza kufanya haya mwenyewe bila kufungua skrubu hata moja.

Kwanza, sikiliza. Friji yenye upungufu wa gesi hunguruma mfululizo bila kupoa. Friji yenye njaa ya stima hunguruma kwa sekunde chache, husikika "tik", hunyamaza kwa dakika kadhaa, kisha hurudia. Ukisikia mtindo huo, shuku stima kwanza, ingawa kifaa cha kuanzishia kompresa kikiharibika husababisha dalili hiyo hiyo.

Pili, tazama saa. Kama shida huja jioni tu na kutoweka usiku wa manane, yamkini transfoma ya mtaa imelemewa. Waulize majirani. Ikiwa taa zao pia hufifia, si friji yako.

Tatu, iondoe friji kwenye ekstensheni uichomeke ukutani moja kwa moja. Kabla ya kuichomeka, ngoja dakika tano ili msukumo wa gesi ndani ya mabomba utulie. Ikifanya kazi, umempata mwizi wa volti. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya mwembamba na vyuma vilivyolegea, na ukiongeza birika la umeme na pasi hapo hapo, friji hubakiwa na makombo.

Nne, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, kisha iguse na uitazame. Plagi au soketi iliyopata joto, iliyobadilika rangi au inayonuka plastiki iliyoungua ina mshiko mbaya. Usiitumie tena hata kama friji inafanya kazi. Ekstensheni ya jirani yangu ilikuwa na doa jeusi upande wa chini, mahali ambapo birika lilikuwa likichomekwa kila asubuhi. Nyumba ingeweza kuteketea kabla ya kompresa kuungua.

Usifanye haya

Ukiigusa friji na kuhisi stima ikikuchoma mkononi, hiyo si shida ya volti pungufu. Kuna stima inayovuja na huenda waya wa ardhini haufanyi kazi. Zima swichi kubwa ya nyumba, waweke watoto mbali, na usiiguse tena hadi ikaguliwe.

Hatari nyingine ni ya wakaaji wa fleti. Majumba mengi hupata stima kwa nyaya tatu zenye moto na waya mmoja wa nyutro. Nyutro hiyo ikikatika au ikilegea, nyumba moja huweza kupata volti chache huku nyingine ikipata nyingi mno, karibu na 415. Dalili yake ni taa kung'aa kupita kiasi kwako huku za jirani zikififia, au kinyume chake. Usingoje kuona kitakachofuata. Zima swichi kubwa, waarifu majirani, na piga simu Kenya Power kwa nambari 97771. Kwa nyaya za ndani ya nyumba, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Uliza leseni hiyo bila haya.

Kinga

Kile kijisanduku cha kulinda friji kinachochomekwa kati ya soketi na plagi hukata stima inaposhuka au kupanda mno, na ikirudi hungoja dakika chache kabla ya kuiruhusu. Kumbuka lakini kwamba hakiongezi volti. Kama mtaa wenu una stima hafifu kila jioni, kitaizima friji kila jioni. Hapo dawa ni stebilaiza ya ukubwa unaofaa, huku mkiendelea kulalamika kwa pamoja hadi transfoma ishughulikiwe. Friji mpya zenye inveta huanza polepole na huvumilia volti pungufu kuliko za zamani, ila bodi zake za elektroniki huumizwa upesi na stima inaporudi kwa kishindo. Nazo pia zahitaji kinga.

Na stima ikipotea kabisa, usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa huhifadhi chakula salama kwa saa nne hivi, na frija iliyojaa kwa saa 48. Nyama, samaki au maziwa yaliyokaa na joto kupita hapo usiyahukumu kwa kunusa. Yatupe.

Insulini ambayo haijaanza kutumiwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu, kwani ikiganda pia huharibika. Iliyoharibiwa na joto aghalabu huonekana sawa na nzima. Kipimajoto kidogo ndani ya friji ni cha bei nafuu, na ukitilia shaka dawa, muulize mfamasia kabla ya sindano inayofuata.

Jirani yangu aliitupa ile ekstensheni, akaisogeza friji karibu na soketi ya ukutani, na akanunua stebilaiza kwa fedha ambazo angelipia kompresa. Mzee alipewa insulini mpya. Kompresa ile "iliyochoka" inafanya kazi hadi leo, na sasa, kabla ya mzee kudungwa sindano, mjukuu wake huenda kwanza kusoma kipimajoto na kumwambia babu nambari kwa sauti.

Tukutane Jumapili ijayo.