Kitabu si Anasa



Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilitia kodi ya 16 kwa mia juu ya vitabu, hata vya chuo. Kitabu cha Shs. 1,000 kikawa Shs. 1,160. Tajiri hulipa bila kuhisi. Sisi wa reli hupunguza unga wa nyumbani. Hizo shilingi 160 si za mwandishi wala za mwenye duka. Ni za Serikali, ile ile inayowahimiza watoto wetu wasome!

Bunge ndilo lililoitunga kodi hiyo, na Bunge ndilo liwezalo kuandika sheria kwamba kitabu cha masomo hakitozwi kodi kamwe. Wabunge wakija kuomba kura, tuwaulize kwanza neno hili.

Umoja ni Nguvu!