Safari tatu kabla hajakua

Mzazi mwenzangu, ukisubiri hela ya Serengeti, mtoto anakua. Sisi mwaka huu tumetembea kwa nauli tuliyokuwa nayo. Likizo ya Juni tulipanda treni ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro, binti yetu wa miaka sita akaitazama Milima ya Uluguru na kuuliza nani anaishi kule juu. Septemba tulikwenda Kaole, Bagamoyo, kwenye magofu ya misikiti miwili. Aliyahesabu makaburi ya kale moja moja. Desemba ikawa Mikumi. Barabara kuu ya Iringa inakatiza hifadhini, kwa hiyo hata abiria wa basi huona twiga kupitia dirishani.

Kote huko mwendo ulikuwa wake. Akichoka, tunakaa kivulini. Akiona kinyonga, tunasimama mpaka kipite. Yeye hubeba maji na kofia yake, chandarua tunabeba sisi.

Umri wa kutaka kushikwa mkono njiani ni mfupi. Likizo ijayo, kabla ya kuulizia bei ya hoteli, muulize mwanao anatamani kuona nini, kisha ndipo mpige hesabu ya nauli.